Samaki Asiyechinjwa

Samaki hachinjwi. Mwislamu wa Songea akinunua kuku sokoni huuliza nani kamchinja na kwa jina la nani; kwa samaki haulizi lolote, maana sheria imemhalalisha bila kisu. Mkatoliki wa mji huohuo, zikifika Ijumaa za Kwaresima, huweka nyama kando na samaki akaingia chunguni, kwa kuwa Kanisa halimhesabu kuwa nyama. Hata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayofuatwa na watawa wa Peramiho, jirani na Songea, tangu 1898, inapokataza nyama humtaja mnyama wa miguu minne, samaki imemwacha. Kwa hiyo dini kubwa mbili za hapa zimempitisha samaki nje ya mlango ambao wanyama wengine hupita chini ya jicho la dhamiri. Sioni kosa katika hilo. Samaki aliyekuwa akizungumzwa aliishi ziwani, mtoni au baharini bila mkono wa mtu, na binadamu alikutana naye siku ya mwisho tu, kwenye wavu. Hapakuwa na la kuuliza juu ya malezi yake kwa kuwa hakulelewa na yeyote. Leo samaki huyo amehamia bwawani. Huanguliwa kituoni, huhesabiwa, husafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, hulishwa pumba na mashudu, huugua mbele ya macho yetu, na sisi ndio tunaoamua apewe nini. Siku yake ya mwisho bado haina ibada, lakini siku zake nyingine zote zimekuwa zetu. Tunadaiwa nini kwa siku hizo? Nalileta swali hilo kwenye uamuzi mmoja ambao wafugaji wa samaki duniani kote wanaukabili: kuua vijidudu vya bwawa kwa antibayotiki, au kuwalea wale wanaofaa ili wawazuie wanaodhuru.

Uamuzi huo hauko mbali na sisi. Kituo cha Serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Ruhila kiko hapa Songea, kimoja kati ya vichache vya aina yake nchini, pamoja na kile cha Kingolwira, Morogoro. Hapo ndipo vifaranga huzalishwa na wafugaji hupata mafunzo. Nyanda za Songea ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai maji ya bwawa hupoa kiasi cha sato na perege kupoteza hamu ya kula. Chakula kilichobaki huzama, huoza na kumaliza oksijeni ya majini, na samaki aliyekwisha kudhoofishwa na baridi hukutana na bakteria waliokuwa humo siku zote. Aeromonas ni mfano mzuri. Wanaishi katika maji baridi karibu kila mahali, na samaki mwenye afya huogelea kati yao bila kudhurika mpaka siku atakapopata jeraha, au wenzake watakapomsonga, au hali ya hewa itakapobadilika. Mfugaji akiona samaki wake wana vidonda na wengine wanaelea ubavu, mkono wake huelekea palepale ulipozoea kwenda kuku wakiumwa: duka la dawa za mifugo, kwenye unga wa antibayotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Hana ubaya moyoni. Anataka kuokoa alichonacho, na yeyote anayetaka kumwambia neno la dini au la falsafa aanze kwa kukubali hilo.

Kwa Kiswahili sanifu antibayotiki zinaitwa viuavijasumu, na jina hilo linasema wazi kazi yake. Za upande wa pili, probayotiki, hazijapata jina lililokubalika na wengi, lakini kitenzi chake tunacho: kulea. Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na wa Shirika la Afya Duniani walizieleza kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea afya yule anayevipokea. Mtu wa Songea hahitaji darubini ili aelewe maana hiyo, kwa sababu amekunywa togwa. Uji wa mahindi hupozwa ukawa vuguvugu, hutiwa kimea cha ulezi, huachwa usiku kucha, na asubuhi umekuwa mwepesi na mchachu. Kimea ndicho kilichoufanya mwepesi; waliouchachusha ni bakteria wa asidi ya laktiki, na uchunguzi wa togwa uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine uliwakuta miongoni mwao Lactobacillus plantarum, ambaye katika nchi nyingine hutiwa kwenye chakula cha samaki. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1999 uliwapa watoto wadogo wa Tanzania togwa mara moja kwa siku kwa muda wa siku 13. Mwanzoni zaidi ya robo yao walikutwa na vimelea vya kuharisha. Baada ya wiki moja walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi, na togwa ilipokatizwa idadi ikaanza kupanda tena. Sijengi hoja juu ya mfanano wa maneno, lakini ni vigumu kuupita bila kuutazama: nafaka inayoanzisha togwa na kazi ya kukuza mtoto, vyote tunaviita ulezi.

Bwawani kazi yenyewe huenda hivi. Bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao wanaweza kukauka na kulala kwa muda mrefu kisha wakaamka wakipata maji na chakula, huchanganywa kwenye chakula cha samaki au hutiwa majini. Wakiwa tumboni hushika nafasi kwenye ute wa utumbo kabla waharibifu hawajaishika. Huyeyusha sehemu za chakula ambazo samaki peke yake asingeziyeyusha. Wengine huamsha kinga yake ya mwili. Wakiwa majini hula uchafu uliokaa chini na kugombea riziki na wale wabaya. Hamira nayo, ileile ya maandazi, imejaribiwa kwa sababu kama hizo. Lakini jambo linalonishika zaidi ni lile ambalo wanaikolojia wa maji wamelieleza kwa miaka kadhaa sasa, kwamba maji yaliyouliwa vijidudu vyake hayabaki matupu. Chakula bado kimo, nafasi zimeachwa wazi, na wa kwanza kuzijaza ni wale wanaozaana kwa kasi kuliko wote, na mara nyingi hao ndio wenye madhara. Ukifyeka shamba kisha ukaliacha, kinachotangulia kuota si mahindi. Wasomaji wa Injili wanaujua mfano wa nyumba iliyofagiwa na kupambwa, ikaachwa bila mkaaji, hata yule pepo aliyetolewa akarudi na wenzake saba walio wabaya kuliko yeye. Mfano ule ulitolewa kwa ajili ya roho za watu na sitaki kuugeuza somo la bakteria. Ila unaonyesha kuwa watu waliotafakari juu ya uovu walikwisha kugundua zamani kwamba kufukuza peke yake hakutoshi; swali la pili, la nani atakaa pale, lazima lijibiwe.

Na jibu hilo limejaribiwa nje ya maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vituo vya kuangulia kamba huko Ecuador vilianza kutia majini bakteria waliochaguliwa ili wawazuie wale waharibifu. Siku za kufunga vituo kwa sababu ya magonjwa, zilizokuwa kama saba kila mwezi, zikapungua hadi chini ya 21 kwa mwaka mzima. Uzalishaji ukapanda kwa asilimia 35. Na kati ya 1991 na 1994 matumizi ya antibayotiki yakashuka kwa asilimia 94. Huko Indonesia mabwawa ya kamba yaliyotiwa Bacillus yalifika siku 160 na kuvunwa, ilhali ya jirani yasiyotiwa yaliangamizwa na bakteria wanaong'aa gizani kabla ya siku ya 80. Kamba si sato, na pwani ya Indonesia si bonde la Songea. Lakini anayesema kwamba kulea vijidudu ni ndoto ya wasomi hana budi kueleza takwimu hizo kwanza.

Mpaka hapa nimesema kwamba njia hii inaweza kufaa. Hilo bado si hoja ya maadili. Mambo mengi yanafaa bila kuwa wajibu. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya dawa ni mali ya watu wote, hata dawa yenyewe ikiwa imenunuliwa na mmoja. Mfugaji anayelipia pakiti ya oksitetrasaiklini amenunua unga. Uwezo wa unga ule kuponya hakuununua, kwa sababu hauko ndani ya pakiti. Unategemea vijidudu huko nje, katika matumbo, mashimo ya maji, mabanda na wodi, kuendelea kudhurika na dawa hiyo. Kila dawa inapotumika, wanaokufa ni wale dhaifu, na wanaobaki kuzaana ni wale sugu. Tena bakteria hupeana usugu hata wakiwa si wa jamii moja, kwa hiyo aliyejifunza ndani ya samaki anaweza kumfundisha atakayemdhuru mtu. Doksisaiklini, ndugu wa karibu wa oksitetrasaiklini, ni dawa tunayoitegemea kipindupindu kinapoingia. Mtoto aliyelazwa katika hospitali ya Homso au ya Peramiho na yule samaki wa bondeni wanateka kutoka kisima kimoja, ila mtoto hana bwawa mahali pengine pa kukimbilia.

Dini zetu zilikwisha kuwaza juu ya visima vya namna hii. Kuna mafundisho mashuhuri ya Mtume yanayohesabu maji, malisho na moto kuwa vitu ambavyo watu wanashirikiana, visivyofaa mmoja kuwafungia wenzake. Tomaso wa Akwino, mwalimu ambaye seminari za Kikatoliki bado zinamsoma, alikubali kwamba mtu amiliki mali ili itunzwe vizuri, lakini akasema kwamba katika kuitumia aione kuwa ya wote na awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Hakuna kati yao aliyeijua penisilini. Hata hivyo wote wawili walitambua aina ya kitu ambacho kumiliki kwake hakumaanishi haki ya kukimaliza. Naona nguvu ya antibayotiki inaingia katika orodha ile bila kulazimishwa, pamoja na maji, malisho na moto: inapungua kwa kutumiwa, haina mlango wa kufungia, na anayeipoteza kwa uzembe humpotezea asiyemjua.

Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, aliliona hili mapema kabisa. Alipohutubia Stockholm mnamo Desemba 1945, baada ya kupewa Tuzo ya Nobel, alitunga kisa cha bwana mmoja mwenye maumivu ya koo aliyejinunulia penisilini, akatumia kidogo kuliko inavyotakiwa, akawafundisha vijidudu kuizoea, kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, dawa ikashindwa, akafa. Fleming akauliza nani hasa aliyesababisha kifo kile, na hakusita kumtaja mume. Kisa hicho kina jambo moja linalokirahisisha: mume anamjua mkewe. Angeweza kukaa kando ya kitanda na kuona alichofanya. Bwawani uzi kati ya mkono na kifo ni mrefu mno. Mto Ruvuma unaanzia Milima ya Matogoro, palepale jirani na mji, ukashuka hadi kuwa mpaka wetu na Msumbiji na kuingia Bahari ya Hindi. Anayefungulia maji ya bwawa lake katika mabonde yanayoushukia hatamwona kamwe aliyechota ndoo huko chini. Mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na hakuna hata kifo kimoja kati ya hivyo ambacho mtu anaweza kukifuatilia hadi kwenye bwawa fulani na siku fulani.

Hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapoingia. Kama hakuna anayeweza kuonyesha kwamba pakiti yangu ilimdhuru mtu yeyote, nina hatia gani? Bwawa langu ni tone baharini. Wanafalsafa wa siku hizi wanalihangaikia sana swali hili, hasa wanapojadili mabadiliko ya tabianchi, lakini nadhani wafanyabiashara wa nafaka walikwisha kulijibu bila kupenda. Anayepunja mizani hupunguza punje chache kwa kila mteja. Hakuna mteja hata mmoja aliyelala njaa kwa sababu ya punje zile. Hakuna anayeweza kusimama shaurini akaonyesha jeraha. Hata hivyo nabii Amosi aliwakemea wenye vipimo vidogo kwa ukali uleule aliowakemea nao wanaowauza maskini, na Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji. Kosa lao halipimwi kwa dhara lililompata mteja mmoja mmoja. Linapimwa kwa kitu ambacho wamekiharibu na ambacho wote wanakitegemea, yaani kipimo chenyewe kuwa cha kuaminika. Soko ambalo kila mtu amepunja kidogo si soko tena. Dawa ambayo kila mtu ameitumia ovyo kidogo si dawa tena. Kama tunakubali la kwanza ni dhambi hata pasipo mdhulumiwa anayeonekana, sioni njia ya kulikataa la pili.

Mwingine atasema kwamba haya yawaendee wafugaji wakubwa wa Asia na Chile. Mfugaji wa Songea mwenye bwawa dogo hatumii antibayotiki, au anatumia mara chache mno. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichukua maji, tope na samaki kutoka mabwawa ya Pakistani na ya Tanzania ambayo hayakuwa na kumbukumbu yoyote ya kutiwa antibayotiki, na humo mkakutwa bakteria wenye vinasaba vya usugu dhidi ya tetrasaiklini, amoksisilini, streptomaisini na nyinginezo. Watafiti walikisia kwamba usugu ule uliingia na samadi. Kwa wafugaji wetu hili linaeleweka mara moja. Banda la kuku hujengwa juu ya bwawa au kando yake, kinyesi huanguka majini na kurutubisha mwani, samaki akala mwani, na hakuna kinachopotea. Ni ufugaji wa busara ambao tumefundishwa kwa miaka mingi, na ninausifu. Ila kuku wale wamepewa dawa, na kinyesi chao hubeba mabaki ya dawa pamoja na bakteria waliokwisha kuizoea. Mtu anaweza asimtie samaki wake hata chembe ya antibayotiki na bado bwawa lake likawa shule ya usugu. Basi swali halihusu samaki peke yake, linahusu boma zima, na kuwa wadogo leo ndiyo nafasi yetu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mazoea yakishakauka, kama yalivyokauka kwingine, huvunjika badala ya kukunjika.

Linalonigusa zaidi ni pingamizi la huruma. Samaki wanakufa, ada ya shule imo ndani ya maji yale, na mtu anaambiwa avumilie kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua? Jibu langu si kwamba asitibu. Kumtibu mnyama aliye chini ya mkono wako ni sehemu ya amana, na mtaalamu wa mifugo akishapima akaona dawa ndiyo njia, dawa itumike kwa kipimo na kwa siku zake zote. Ninachokikataa ni dawa inayotiwa kwa wazima ili wasiugue, au ili wanenepe, au ili tusilazimike kupunguza idadi ya samaki katika maji machache. Tena katika samaki huruma hii ina upofu wake. Dawa hutiwa kwenye chakula, na dalili ya kwanza ya samaki mgonjwa ni kuacha kula. Kwa hiyo anayeila dawa ni yule mzima, na mgonjwa anabaki vilevile, huku sehemu kubwa ya dawa ikitoka na kinyesi au kuyeyuka majini. Mwenye kudhani kwamba bila dawa nyingi hakuna ufugaji aitazame Norwe. Mwaka 1987 wafugaji wake wa samoni walitumia karibu tani 50 za antibayotiki kwa samaki wachache. Zikaja chanjo, mashamba yakatenganishwa, maji yakapumzishwa kati ya kundi na kundi, na matumizi yakashuka kwa takriban asilimia 99 huku uzalishaji ukipanda hadi zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Norwe haikuokolewa na probayotiki, nakiri. Iliokolewa na chanjo na utunzaji. Lakini iliokolewa na kulea.

Neno hilo kulea linaweza kunipeleka mbali kuliko ushahidi, kwa hiyo nalipunguza mwenyewe. Si kweli kwamba maumbile hayaui. Tetrasaiklini zilipatikana kwanza kwa bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces. Wao ndio waliotufundisha. Hata bakteria wa togwa huua kwa asidi yao, na Bacillus wa bwawani hutoa sumu dhidi ya wapinzani wake. Anayesema antibayotiki ni mauti na probayotiki ni uhai amejenga juu ya mchanga. Tofauti ninayoiona iko kwenye mipaka. Bakteria wa udongoni huua kwa kiasi kidogo, karibu naye, katikati ya wengi wanaomjibu, na uwiano hurejea. Sisi tunachukua silaha yake, tunaizidisha kwa tani, tunaitia mahali ambapo hakuna anayejibu, kisha tunaondoka. Wala sihitaji kusema kwamba bakteria wana haki, maana sidhani kama wanazo. Madai yangu ni ya mtu kwa mtu na ya mtu mbele ya Mungu aliyempa ukhalifa juu ya viumbe, wakiwemo asioweza kuwaona.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo marafiki wa probayotiki hawaitaji vya kutosha. Majaribio mengi yamefanywa ndani ya matangi kwa wiki chache, na matokeo yake bwawani hutofautiana sana. Kuna pakiti zinazouzwa duniani ambazo ndani hazina kilichoandikwa juu yake. Baadhi ya aina za bakteria wanaouzwa kwa jina zuri hubeba wenyewe vinasaba vya usugu, na asiyewapima kwanza anaweza kuingiza bwawani kitu kilekile alichokuwa anakikimbia. Dhidi ya virusi, kama kile cha sato kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na ambacho chembe zake zimekutwa kwa samaki wa Ziwa Victoria, antibayotiki haina nguvu kabisa, na probayotiki si ngao ya kutegemea. Wala mtu asimwage togwa bwawani akidhani amefuata nilichosema. Atakuwa ameongeza uchafu wa kuozea humo. Mfugaji aliyebadilisha pakiti moja kwa nyingine, akaacha samaki wamesongana, chakula kinaoza na maji hayabadilishwi, amebadilisha duka tu. Bakteria rafiki wana maana pale tu wanapoingia katika utunzaji ambao ungefaa hata bila wao: idadi inayolingana na maji, lishe iliyopunguzwa miezi ya baridi, samadi iliyokaa na kuiva kabla ya kutumiwa, vifaranga kutoka chanzo kinachojulikana, bwawa linalokaushwa baada ya mavuno.

Utunzaji huo unagharimu, na hapa hoja yangu inanirudia kwa namna ambayo mwanzoni sikuitazamia. Ikiwa nguvu ya dawa ni ya wote, gharama ya kuilinda nayo ni ya wote. Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu 2017, na mpango huo unazungumza na wafugaji pamoja na waganga. Lakini mfugaji aliyeweka samaki 500 mahali ambapo angeweza kusonga 1,000, au aliyepoteza sehemu ya mavuno kwa kukataa kutia dawa bila kupimiwa, ametulindia kitu chetu kwa mfuko wake. Huyo hatufanyii hisani. Anatudai. Deni hilo linaweza kulipwa kwa njia nyingi: maabara ya karibu inayopima samaki mgonjwa bila kumfilisi mwenye bwawa, afisa uvuvi mwenye usafiri wa kufika bondeni, bakteria waliopimwa na kuzalishwa hapahapa nchini, jumuiya ya parokia au ya msikiti inayokubali kununua kwake kwanza. Njia nyingine ni ile ya kawaida kabisa. Ijumaa ya Kwaresima mtu anasimama sokoni Songea mbele ya sato wa bwawani, samaki ambaye dini yake haikumwekea swali lolote, naye anauliza alilishwa nini na alitibiwa kwa dawa gani. Muuzaji anamweleza, kisha anamtajia bei iliyozidi kidogo ya yule wa meza ya pili. Ziada ile ni fungu lake katika deni.